Kifaransa cha nyumbani bila ada: kwa wadau wa Kasulu na Kibondo

Wadau, Alliance Française ipo Dar na Arusha. Kwa sisi wa huku nauli tu inakumaliza, hata ada hujalipa. Lakini Burundi ni jirani, na Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Kote huko Kifaransa ni lugha rasmi. Fanya hivi:

1. Sikiliza. RFI wana habari za dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, pamoja na maandishi yake, bure. Ukiwa kafe pakua, ukarudie nyumbani kwenye simu.

2. Soma kwa sauti. Herufi ya mwisho mara nyingi haitamkwi: petit ni "peti", Paris ni "Pari".

3. Andika jina pamoja na le au la: le marché (soko), la route (barabara). Ukiliacha hilo, baadaye utaumia.

4. Namba. Vitabu vya Ufaransa vinasema 70 ni soixante-dix, 90 ni quatre-vingt-dix. Warundi na Wakongo wanasema septante na nonante. Usipojua, bei itakupiga chenga.

5. Mwalimu wa bure. Kiha na Kirundi vinaelewana, kwa hiyo muulize Mrundi kwa Kiha. Ila tafuta aliyesoma, maana si wote wanakijua.

Mimi nilianza na daftari moja, maneno matano kwa siku. Siku ya kwanza kufungua mdomo nilichekwa sana, lakini nikasahihishwa palepale. Anzeni na nyie.