Povu la Friji Lilivyopanda Darini

Ukipasua ubavu wa friji mbovu iliyotelekezwa kwa fundi, nyuma ya bati utakuta kitu cha manjano, chepesi, kilichojaa vitundu vidogo mno. Hiyo ni poliurethani. Povu la ukoo huohuo hupulizwa leo chini ya mapaa ya nyumba mpya katika majimbo ya Marekani yanayopakana na Ghuba ya Mexico, toka Texas hadi Florida, ambako kiangazi huja na joto na unyevu kwa pamoja. Lilichukua zaidi ya nusu karne kufika huko, na karibu kila lilipotatua tatizo moja lilizua lingine.

Mwaka 1937 mkemia Mjerumani Otto Bayer, mfanyakazi wa I.G. Farben mjini Leverkusen, aligundua namna ya kuunganisha isosianati na polioli na kupata plastiki mpya. Licha ya jina lake, hakuwa wa ukoo wa waasisi wa kampuni ya Bayer. Wengi hawakuvutiwa na ugunduzi huo. Miaka michache baadaye sampuli moja ilikataliwa na wakaguzi kwa sababu ilijaa mapovu. Simulizi za kiwandani zinasema walidhihaki kwamba labda ingefaa kutengenezea jibini bandia. Kumbe maji yaliyoingia kwenye mchanganyiko yalikuwa yametoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Kasoro ikageuka mali, kwa kuwa gesi iliyonaswa katika vitundu haipitishi joto kirahisi.

Baada ya vita, povu laini liliingia kwenye magodoro na viti, na lile gumu likaenda kwenye friji na vyumba vya baridi. Mwaka 1953 Walter Baughman aliunda mashine ya kuchanganya kemikali hizo, na katika miaka ya 1960 mafundi wakapata mitambo ya kupulizia.

Kazi yenyewe ni ya mapipa mawili yanayokaa garini: moja la isosianati, jingine la polioli iliyotiwa vichocheo na dawa ya kupunguza kushika moto. Kila kimiminika hupita katika mpira wake uliopashwa joto, na havikutani mpaka kwenye bunduki ya kupulizia. Kinachotoka huonekana kama rangi, lakini ndani ya sekunde chache kimefura na kuanza kuganda. Fundi huvaa ovaroli la kufunika mwili mzima na barakoa inayoletewa hewa safi, kwani mvuke wa isosianati unaweza kumsababishia pumu. Wenye nyumba nao hutakiwa kukaa nje hadi povu likauke na hewa ibadilishwe.

Kilicholiingiza povu majumbani ni bei ya mafuta. Nchi za Kiarabu zilipositisha kuiuzia Marekani mafuta Oktoba 1973, gharama za kupasha na kupoza nyumba zilipanda, na watu wakaanza kuziba kila upenyo. Wengine waliweka povu la aina nyingine, lililotengenezwa kwa yurea na fomaldehaidi. Mvuke wake ulizua malalamiko ya kiafya. Kanada ikalipiga marufuku mwaka 1980 na Marekani mwaka 1982, ingawa mahakama ilitengua marufuku ya Marekani mwaka uliofuata. Poliurethani ni kitu kingine kabisa, lakini ilibidi ibebe shaka za jirani yake.

Kusini mwa Marekani, adui hakuwa joto peke yake. Nyumba za kale huko zilikuwa na dari za juu, baraza pana na madirisha ya kupitisha upepo. Viyoyozi vilipoenea, mabomba ya hewa baridi yalipitishwa juu ya dari, mahali penye joto kali kuliko pote katika nyumba, na paa likaachiwa matundu ya hewa kama ilivyokuwa desturi. Hewa nzito ya nje iliingia, ikagusa bomba baridi na kutoa maji, kama inavyolowa chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Kuvu ikafuata.

Katika miaka ya 1990 wataalamu, akiwamo Joseph Lstiburek, walishauri matundu hayo yazibwe na povu lipulizwe chini ya paa, ili mabomba yabaki upande wa ubaridi. Kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba nchini Marekani ziliukubali mtindo huo katika toleo la 2006. Vimbunga navyo viliongeza wateja: povu zito, la takriban kilo 32 kwa mita moja ya ujazo, hushikamanisha mbao za paa na kenchi, hivyo upepo huling'oa kwa shida.

Lakini povu jepesi, la takriban kilo 8, hupitisha mvuke. Mvuke ulionaswa darini hupanda na kujikusanya karibu na kilele cha paa, na mbao zikaanza kulowa kwa ndani. Dawa yake ni kupeleka darini hewa kidogo ya kiyoyozi, au kuweka mashine ya kukausha hewa.

Gesi za kufurisha povu zilileta kesi yake. Zile za awali zilitoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuziondoa. Baadhi ya zilizozirithi ziliiachia ozoni, ila zikapasha dunia joto mara mamia kuliko kaboni dayoksaidi. Hizo ndizo ambazo nchi zilizokutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 zilikubaliana kuzipunguza.

Anayejenga Mombasa au Dar es Salaam na kutaka kiyoyozi kila chumba ana la kujifunza hapa. Muuzaji wa povu atamweleza jinsi litakavyozuia joto kuingia. Amuulize pia unyevu utatolewaje, na kama jibu halipo kwenye ramani ya nyumba, asiruhusu kupuliza.