Ugenini kila Jumamosi: safari ya shabiki wa ligi ndogo za Scotland

Kutoka Stranraer mpaka Peterhead ni zaidi ya kilomita 400 za barabara. Stranraer ni mji wa bandari kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Scotland, na uko karibu na Ireland ya Kaskazini kuliko ulivyo karibu na Edinburgh. Peterhead ni mji wa wavuvi kwenye pwani ya kaskazini-mashariki, mbele ya Aberdeen. Tangu Peterhead ikubaliwe kwenye ligi mwaka 2000, timu za miji hii miwili zimekutana mara nyingi katika madaraja ya chini. Shabiki wa Stranraer anayeifuata timu yake huko huondoka kabla ya kupambazuka, akatazama mpira kwa dakika 90 pamoja na watu mia chache, kisha akarudi kwake usiku wa manane. Hakuna kombe lililoshindaniwa, na mara nyingi hata ushindi haupo.

Wala safari hiyo si ya mara moja. Chini ya Ligi Kuu ya Scotland kuna madaraja matatu, Championship, League One na League Two, na kila moja lina timu 10. Timu hukutana mara nne kwa msimu. Hiyo ni michezo 36, na 18 kati yake ni ya ugenini, kwa hiyo kila uwanja hutembelewa mara mbili. Baada ya misimu michache, muuza chai wa uwanja wa watu anakufahamu kwa sura.

Historia ya soka ya Scotland imejaa Celtic na Rangers, na shabiki huyu hupewa mistari michache tu. Ukimfuata tangu karne ya 19, hata hivyo, utaona jambo moja likijirudia. Alianza kwa kulipa nauli akidhani imetosha. Baadaye akagundua kwamba klabu asiyoimiliki inaweza kuhamishwa yeye akiwa bado kitandani.

Nusu siku ya Jumamosi

Safari hizi zilizaliwa na mapumziko ya wafanyakazi. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ilivilazimisha viwanda vya nguo vya Uingereza na Scotland kusimamisha mashine saa nane mchana kila Jumamosi. Mfanyakazi akapata alasiri yake, na mechi zikapangwa saa tisa, saa ambayo mpaka leo ndiyo ya kawaida kwa kipenga cha kwanza. Queen's Park ya Glasgow iliundwa mwaka 1867, Kombe la Scotland likaanza msimu wa 1873-74, na ligi ikafuata mwaka 1890. Dumbarton, mji wa mafundi wa meli, ilitwaa ubingwa katika misimu miwili ya kwanza, ule wa mwanzo ikigawana na Rangers. Mara ya mwisho Dumbarton kucheza daraja la juu ilikuwa msimu wa 1984-85.

Reli zilikuwa zimeshafika karibu kila mji, kwa hiyo wa mbali walipanda treni. Wa karibu walichanga wakakodi magari makubwa ya kukokotwa na farasi, wakapanda 20 na zaidi wakiwa na bendera yao. Vikundi hivyo vya nauli ndivyo vilivyokuja kuwa matawi ya mashabiki.

Ugenini kulikuwa na machungu tangu siku hizo. Tarehe 12 Septemba 1885, timu ya Bon Accord kutoka Aberdeen iliteremka pwani mpaka Arbroath kucheza Kombe la Scotland. Ikafungwa 36-0. Kijana mmoja wa Arbroath, Jocky Petrie, alifunga mabao 13 peke yake. Magoli hayakuwa na nyavu wakati huo, kwa hiyo kila bao lilifuatwa na mtu kwenda kuokota mpira. Siku hiyohiyo Dundee Harp iliifunga Aberdeen Rovers 35-0. Timu mbili za Aberdeen zilikula mabao 71 kwa alasiri moja.

Gayfield, pua na bahari

Arbroath ingali inacheza Gayfield, na shabiki wa ugenini huanza kuijua kwa masikio. Ukuta wa uwanja unapakana na Bahari ya Kaskazini. Upepo ukichachamaa na maji yakijaa, povu la mawimbi huruka ukuta na kuwaangukia waliosimama. Kipa akipiga mpira mrefu dhidi ya upepo huo, mpira husita hewani, kisha ukaanza kurudi alikotoka. Mgeni hucheka mara ya kwanza. Mara ya pili anatafuta mahali pa kujificha, na mahali penyewe ni kibanda cha chakula.

Hapo huuzwa pai ya nyama ya kondoo iliyosagwa na kutiwa pilipili manga nyingi. Ni ya duara, inaenea kiganjani, na ukingo wake umepanda juu ya kifuniko. Kwenye kile kibeseni kinachobaki juu, watu humimina sosi ya kahawia, kisha huuma kwa uangalifu maana mafuta ya ndani huchoma ulimi. Kinywaji chake ni Bovril, rojo nyeusi ya nyama ya ng'ombe inayokorogwa kwa maji ya moto. Wengi hukishika kikombe muda mrefu kabla ya kunywa, kwa ajili ya vidole. Ukienda Forfar utakuta bridie, mfano wa sambusa kubwa yenye umbo la nusu mwezi, iliyojaa nyama ya ng'ombe. Arbroath kwenyewe kuna samaki aina ya hadoki waliofungwa wawili wawili mikiani na kukaushwa kwa moshi. Mgeni aliyefungwa mabao matatu angalau hubeba kitoweo.

Katika viwanja vingi vya namna hii hakuna uzio wa kutenganisha mashabiki. Wakati wa mapumziko, watu huhama kutoka nyuma ya goli moja kwenda nyuma ya jingine, ili wawe upande ambao timu yao inashambulia. Wenyeji na wageni hupishana njiani, wakataniana na kupeana pole. Glebe Park ya Brechin ina upande mmoja uliozungushiwa ua wa miti hai badala ya jukwaa, na mpira ukiingia humo mchezo husubiri.

Treni zilipoondolewa

Uwanja wa Forfar Athletic unaitwa Station Park, lakini stesheni yenyewe haipo tena. Brechin ilipoteza treni za abiria mwaka 1952. Mwaka 1963 ikaja ripoti ya Richard Beeching iliyopendekeza kufungwa kwa njia za reli zisizolipa. Peterhead ikakatwa mwaka 1965, Forfar mwaka 1967. Kwa miji hiyo, shabiki wa ugenini hakuwa na njia ila basi la kukodi au gari la rafiki.

Basi likawa baraza la kuhamahama, lenye nyimbo zake na ugomvi wake, na makreti ya bia yalikuwa sehemu ya mizigo. Hilo lilikoma kwa kosa la wengine. Tarehe 10 Mei 1980, baada ya Celtic kuifunga Rangers 1-0 katika fainali ya Kombe la Scotland, mashabiki walivamia uwanja wa Hampden wakapigana mpaka polisi wa farasi wakaingia. Mwaka huohuo sheria ikapiga marufuku pombe viwanjani na ndani ya mabasi ya mashabiki. Basi la watu 30 wa Stranraer, ambao hawakuwa na vita na mtu, likabanwa na sheria ileile. Tangu hapo msafara hupangwa pamoja na kituo cha kushuka na kunywa kabla ya mechi.

Klabu inapohama

Mtihani mkubwa zaidi ulitoka kwa wamiliki. Mwaka 1964 ndugu wawili wa ukoo wa Steedman, waliokuwa na East Stirlingshire ya mji wa Falkirk, waliihamishia klabu Clydebank, karibu na Glasgow, ikachanganywa na timu ya huko. Msimu mzima mtu wa Falkirk akawa mgeni kwenye mechi za nyumbani za timu yake. Wanahisa wadogo na mashabiki walikwenda mahakamani, wakashinda, na klabu ikarudi Falkirk mwaka 1965. Miaka tisa baadaye ikamwajiri kijana aliyekuwa hajawahi kufundisha timu yoyote: Alex Ferguson.

Third Lanark ya Glasgow haikupata bahati hiyo. Ilikuwa bingwa wa Scotland mwaka 1904, na msimu wa 1960-61 ilimaliza ya tatu kwa mabao 100. Miaka sita tu baadaye ilikuwa mufilisi. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa wa ugenini, tarehe 28 Aprili 1967, ikafungwa 5-1 na Dumbarton. Uwanja wake, Cathkin Park, sasa ni bustani ya umma, na ngazi walizosimama mashabiki zingalipo.

Mwaka huohuo ligi ndogo ilionyesha sura yake nyingine. Tarehe 28 Januari 1967, Berwick Rangers, klabu ya mji ulio ndani ya mpaka wa Uingereza lakini inayocheza soka yake Scotland, iliitoa Rangers kwenye kombe kwa bao 1-0 la Sammy Reid. Golini mwa Berwick alisimama Jock Wallace, kipa aliyekuwa pia kocha. Baadaye Rangers wenyewe walimchukua, akawapa ubingwa.

Uhamisho haukukoma. Clyde walifukuzwa Shawfield mwaka 1986 na wenye uwanja, waliokuwa na biashara ya mbio za mbwa, wakapanga kwa majirani miaka minane. Meadowbank Thistle ya Edinburgh ilihamishwa mwaka 1995, ikabadilishwa jina kuwa Livingston. Clydebank nayo, iliyokuwa imejenga klabu yake halali baada ya kesi ya 1965, ilipoteza uwanja wake mwaka 1996, ikabaki kupanga Dumbarton na Greenock. Kwa miaka sita mashabiki wake hawakuwa na mechi ya nyumbani. Mwaka 2002 Airdrieonians ilipofilisika, wafanyabiashara wa Airdrie waliinunua Clydebank na kuigeuza Airdrie United. Mji ulioletewa klabu ya watu mwaka 1964 sasa ukanyang'anywa ya kwake. Mashabiki wakaunda Clydebank mpya mwaka 2003, wakaanza chini kabisa, nje ya ligi.

Nafasi iliyoachwa na Airdrieonians ilikwenda kwa Gretna, klabu ya kijiji kilichoko mpakani. Tajiri Brooks Mileson aliipandisha madaraja matatu kwa misimu mitatu mfululizo, na mwaka 2006 ilifika fainali ya Kombe la Scotland, ikafungwa na Hearts kwa penalti. Lakini ilipoingia Ligi Kuu uwanja wake haukukidhi masharti, ikabidi mechi za nyumbani zichezwe Motherwell, zaidi ya kilomita 100 kutoka kijijini. Aprili 2008 mchezo wake na Inverness ulihudhuriwa na watu 431. Mileson alikuwa ameugua na fedha zikakatika, na mwaka huohuo klabu ikafa.

Wakubwa waja kijijini

Nafasi ya Gretna ilichukuliwa na Annan Athletic, na Annan wakapata siku yao. Mwaka 2012 kampuni iliyokuwa ikiiendesha Rangers ilifilisika. Klabu 25 kati ya 30 za ligi ya chini zilipiga kura kwamba Rangers ianzie daraja la nne. Mchezo wake wa kwanza wa mashindano ulikuwa Brechin, pembeni mwa ule ua wa miti. Mchezo wa kwanza wa ligi ulikuwa Peterhead, ukaisha 2-2. Maelfu waliozoea ndege za kwenda Ulaya wakajifunza njia za mashambani. Machi 2013 Annan wakaenda Ibrox, uwanja wa Rangers, wakashinda 2-1.

Tangu msimu wa 2014-15 timu ya mwisho ya League Two hupambana na bingwa kutoka ligi za Highland na Lowland, na ikishindwa inatoka kabisa. East Stirlingshire walitoka mwaka 2016, Berwick 2019, Brechin 2021, Cowdenbeath 2022 na Albion Rovers 2023. Safari zao zikawa kwenye vijiji vidogo zaidi, na bado wako wanaosafiri.

Hisa kuliko nauli

Wapo waliojifunza kutokana na haya yote. Mwaka 2010 chama cha mashabiki wa Stirling Albion kiliinunua klabu iliyokuwa imelemewa na madeni. Na klabu ndogo ikidumu, siku yake huweza kufika. Mwaka 2022 Arbroath, iliyokuwa na wachezaji wenye ajira nyingine mchana, ilimaliza ya pili Championship na kukosa Ligi Kuu kidogo tu. Mwaka 2024 Stenhousemuir, iliyoundwa mwaka 1884, ilitwaa League Two. Ulikuwa ubingwa wake wa kwanza wa ligi baada ya miaka 140.

Mashabiki wa Third Lanark na wa Gretna nao walisafiri na kuimba kama wengine. Hawakuwa na sauti pale maamuzi yalipofanywa, na klabu zao hazipo. Wa Falkirk walikuwa na hisa chache na ujasiri wa kwenda mahakamani, na klabu ikarudi nyumbani. Anayeipenda klabu ndogo na alipe nauli ya basi, lakini asiishie hapo: anunue hisa, ahudhurie mkutano mkuu, na asome hesabu za fedha kabla mwingine hajazisoma kwa niaba yake.