Trieste, Newala, Lamu: Njia ya Alice Werner Kuelekea Ushairi wa Kiswahili

Lugha ngeni huingia chuo kikuu kwa mkono wa mtu, na mara nyingi mtu huyo hakukusudia tangu awali kuwa mwalimu wake. Kiitaliano kiliingia New York kwa mkono wa Lorenzo Da Ponte, mshairi aliyemtungia Mozart maneno ya opera tatu. Mwaka 1805 alivuka bahari akiwakimbia wadai wake wa London, akauza vyakula dukani, na mwaka 1825 akawa profesa wa kwanza wa Kiitaliano katika Chuo cha Columbia. London nako mwalimu wa kwanza wa lugha hiyo katika chuo kikuu kipya, mwaka 1828, alikuwa Antonio Panizzi, mkimbizi aliyehukumiwa kifo kwao Modena. Miaka mitatu baadaye, King's College ilimpa uprofesa Gabriele Rossetti, mshairi aliyefukuzwa Naples kwa sababu ya siasa. Watatu hao walikuwa wenye lugha yao. Kijana wa Kiingereza aliyetamani kumsoma Dante alimsoma mbele ya mtu aliyeinyonya lugha ya Dante pamoja na maziwa ya mamaye.

Kiswahili hakikupata bahati hiyo. Hata hivyo hadithi ya namna kilivyopata kigoda cha uprofesa mjini London imeshikamana na Kiitaliano kwa uzi mwembamba ambao wapenzi wa mashairi wa pwani hawauzungumzi sana, na uzi huo unapita mahali ambapo wachache wangeutafuta: Masasi na Newala, juu ya uwanda wa Makonde.

Alice Werner alizaliwa mwaka 1859 katika bandari ya Trieste. Mji huo wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Austria, lakini lugha ya mitaa na masoko yake ilikuwa Kiitaliano. Utoto wake ulikuwa wa safari: New Zealand, Mexico, Marekani, kisha Ulaya, hadi jamaa yake ilipotulia Uingereza akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano. Alisoma Newnham, chuo cha wanawake cha Cambridge, katika zama ambazo mwanamke aliruhusiwa kuhudhuria masomo lakini hakupewa shahada, hali iliyoendelea chuoni hapo hadi mwaka 1948. Kigoda cha uprofesa wa Kiitaliano chenyewe hakikuwapo Cambridge kabla ya mwaka 1919. Kwa hiyo msichana aliyeipenda lugha hiyo hakuwa na kiti cha kukalia wala cheti cha kutarajia.

Naye aliipenda. Alikuwa mshairi kwanza, akichapisha tungo zake mwenyewe katika miaka ya 1880, na mwaka 1892 akatoa The Humour of Italy, mkusanyo wa maandishi ya mzaha ya Waitaliano aliyoyachagua na kuyafasiri kwa Kiingereza, na kuyatilia utangulizi na maelezo. Mzaha ndio mtihani mkali kuliko yote kwa mfasiri. Huzuni huvuka mipaka ya lugha bila taabu kubwa, kwa kuwa msiba ni msiba kila mahali. Mzaha hufia njiani usipobebwa pamoja na desturi, malezi, majina ya vyakula, na ugomvi wa mji huu na mji ule. Mtu aliyejifunza kuvusha mzaha amejifunza kwamba lugha, fasihi na mila havisomwi kimoja kimoja.

Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho alikwenda Blantyre, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Huko alijifunza Kinyanja na akakutana na Kiyao. Tangu mwaka 1899 alikuwa akifundisha lugha za Kiafrika katika King's College, chuo kilekile cha Rossetti. Hapo ndipo kazi ya ufasiri ilipomfikisha kwenye uwanda wa Makonde, bila ya yeye kuukanyaga.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi akapanda bara. Nchi aliyoikuta ilikuwa na majivu bado. Misheni ya Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani na kutolewa Unguja, ilikuwa imechomwa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji. Haikuwa mara yake ya kwanza kupata pigo: mwaka 1882 Wangoni waliishambulia, na baadhi ya watu wake wakahamia Newala chini ya himaya ya Matola, mkuu wa Wayao. Kwa hiyo watu wa Masasi na Newala walikwisha kuishi na vitabu na shule kwa muda wa miaka thelathini Weule alipotua mizigo yake. Chauncy Maples wa misheni hiyohiyo alichapisha maelezo ya Kimakua mwaka 1879 na msamiati wa Kiyao mwaka 1888. Na baadhi ya vijana wa pande hizo walikwenda kusoma Kiungani, Unguja, wakarudi wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi.

Weule alikaa Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta. Newala iko ukingoni mwa uwanda, bonde la Ruvuma likiwa limetandazwa chini yake. Ardhi ya juu ni mchanga unaonyonya mvua yote, na maji ya kunywa ilibidi wanawake wayafuate chini ya genge na kuyapandisha kwa kichwa. Mgeni huyo aliyaandika hayo, akaandika juu ya ndonya mdomoni, juu ya jando na unyago, juu ya vinyago na ngoma. Alikuwa na kamera, na alikuwa na chombo cha kunasa sauti katika silinda za nta. Kwa lugha alimtegemea Knudsen, Mnorwe aliyekwisha kuishi miaka mingi miongoni mwa Wayao. Alisikiliza nyimbo nyingi. Lakini alizisikiliza kama mtu wa makumbusho, na maneno ya wimbo yaliingia daftarini mwake kwa namna ileile mikuki na vitana vilivyoingia masandukuni: kimoja cha aina hii, viwili vya aina ile. Haki itendeke: bila ya daftari hilo tungekuwa na kidogo zaidi ya hicho tulicho nacho. Ila mwenye wimbo mara nyingi haonekani. Nani alitunga? Nani alisifiwa kwa kutunga vizuri kuliko mwenzake? Maswali hayo, ambayo kila mtu wa pwani huyauliza kabla ya wimbo kwisha, hayakuwa maswali makuu ya Weule.

Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1908. Mwaka uliofuata kikatoka London kwa Kiingereza, Native Life in East Africa, na mfasiri wake alikuwa Alice Werner.

Kazi hiyo isidhaniwe kuwa ya kuhamisha maneno tu. Kiyao cha Newala ni ndugu wa Kiyao alichokisikia Blantyre, kwa hiyo aliposoma nyimbo alizozinukuu Weule alikuwa akisoma zaidi ya alichokiandika Mjerumani. Alitia tanbihi zake. Palipohitaji maelezo akaeleza, kama alivyofanya kwa Waitaliano miaka kumi na saba kabla. Tofauti ni kwamba kwa Waitaliano alikuwa na waandishi wenye majina, na kwa watu wa Newala na Masasi alipewa sauti nyingi zisizo na wenyewe. Mfasiri hawezi kumrudishia jina mtu ambaye mwandishi hakumuuliza.

Kati ya mwaka 1911 na 1913 akaja mwenyewe pwani. Alifika Mombasa, akaenda Upokomo na Lamu, na huko akakuta kitu ambacho kitabu cha Weule hakikumwandaa kukikuta, bali Italia ilimwandaa: mashairi yaliyoandikwa, yenye majina ya watungaji, yanayonakiliwa, yanayobishaniwa mizani na vina vyake, na yanayosomwa kwa sauti nyumbani. Kuanzia hapo kazi yake ikageuka. Alichapisha habari za Pate kwa Kiswahili pamoja na tafsiri. Skuli ya Mafunzo ya Mashariki ilipofunguliwa London mwaka 1917 alikuwamo miongoni mwa walimu wake, na baadaye akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu hadi alipostaafu mwaka 1930. Katika jarida la skuli hiyo alichapisha Utendi wa Ayubu. Mwaka 1934, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, yeye na William Hichens walitoa Utendi wa Mwana Kupona pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwamba mwanamke mshairi, ambaye Cambridge haikumpa shahada, alimalizia umri wake juu ya wosia wa mwanamke mshairi wa Pate, ni jambo linalostahili kukumbukwa kila utendi huo unapotajwa.

Lakini ni nani aliyeziandika hati hizo? Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufa mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchonga milango na fundi wa muziki. Yeye ndiye aliyewanakilia Wazungu kadhaa, Werner na Hichens wakiwamo, tendi za kwao, akizifafanua maneno yake magumu. Kwa elimu ya ushairi wa Kiswahili hakuna aliyemzidi kati ya wale waliompelekea barua. Malipo yake yalikuwa ya nakala. Da Ponte, muuza duka aliyefilisika, alipewa uprofesa wa lugha ya mamaye. Kijuma alipewa karatasi na kalamu.

Mtu atasema: zama zilikuwa hizo. Si kweli kabisa. Berlin, tangu Seminari ya Lugha za Mashariki ilipofunguliwa mwaka 1887, iliwaajiri Waswahili kufundisha: Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur, na kuanzia mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake ndiyo msingi mkubwa wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Cheo chao kilikuwa cha chini, na Mtoro aliiacha kazi mwaka 1905 kwa sababu wanafunzi walimvunjia heshima. Hata hivyo waliingia darasani, wakasimama mbele. Basi iliwezekana. Na Werner, aliyefasiri pia kazi ya Carl Meinhof juu ya lugha za Kiafrika mwaka 1915, alijua vyema yaliyokuwa yakitendeka Ujerumani. Hapo ndipo somo la Kiitaliano lilipotumiwa nusu. Alilichukua lile la kuisoma lugha kwa fasihi yake, na heshima hiyo kwa Kiswahili ilikuwa kubwa, kwani wengi wa wakati wake walikihesabu kuwa chombo cha kuwaamuru wapagazi tu. Lile la kumpa kigoda mwenye lugha lilibaki London kwa Rossetti.

Uwanda wa Makonde haukuishia katika tafsiri yake. Katika miaka ya 1930 na 1940 alihudumu katika dayosisi ya Masasi mmishenari aitwaye Lyndon Harries. Huyu hakupita kwa miezi michache kama Weule. Alijifunza lugha za huko hata akaandika sarufi ya Kimawiha, iliyotoka mwaka 1940, na sarufi ya Kimwera mwaka 1950. Mwaka 1942 alichapisha nyimbo za mafumbo za Wamakua zinazoimbwa katika jando, na mwaka 1944 maelezo ya jando la Wamakonde. Nyimbo hizo za mafumbo si vitu vya kupita. Mwali hufunzwa kwa fumbo, na asiyejua jawabu hujulikana kuwa hakuingia jandoni. Mpenzi wa mashairi wa pwani atalitambua jambo hilo upesi, kwani naye amelelewa katika kufumba na kufumbua, na ushairi wa kujibizana ni mtihani wa namna hiyohiyo.

Kutoka mafumbo ya Wamakua, Harries alikwenda kufundisha katika skuli ileile ya Werner mjini London, akazikuta humo hati za W. E. Taylor na za Hichens, na mwaka 1962 akatoa Oxford kitabu chake Swahili Poetry, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mlango wa wasomi wa ng'ambo kuingilia ushairi wetu. Wapo wenyeji waliozipinga hukumu za wageni juu ya tungo za pwani, na upinzani huo ulikuwa na haki yake. Baadaye Harries alihamia Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Kutoka huko, mwaka 1966, kilitoka kitabu cha mashairi, Poems from Kenya, Kiswahili na Kiingereza. Harries ndiye mfasiri na mhariri. Jina la mtunzi lilikuwa la Ahmad Nassir bin Juma Bhalo, malenga wa Mombasa, aliyekuwa hai, kijana bado, akitunga.

Silinda za nta alizozinasa Weule mwaka 1906 ziliwekwa Berlin, katika hazina ya sauti ya mji huo. Zinajulikana kwa jina la Weule.