Butembo na Beni: nini inasukuma vijana wa ufundi kufungua atelye yao

Kijana anapomaliza masomo ya ufundi Butembo ao Beni, awe wa kushona, wa useremala, wa magari ao wa kuchomelea vyuma, anabaki na brevet mkononi na swali moja: atafanya kazi kwa nani? Viwanda ni vichache. Lakini kusema tu kwamba kazi hakuna haitoshi, maana wako wengi wasio na kazi na hawafungui kitu.

Kwanza kuna mji wenyewe. Butembo imejengwa na wafanyabiashara Wanande, wenye kuleta bidhaa toka Dubai na China kupitia mpaka wa Kasindi. Mtoto anakomaa akiona kwamba mwenye heshima ni yule mwenye mlango wake sokoni, si lazima mwenye mshahara.

Beni ni ingine kidogo. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yamekimbiza watu mashambani, na jamaa iliyoishi kwa kakao inajikuta mjini bila kitu. Cherehani inaweza kubebwa siku ya kukimbia, shamba halibebwi.

Halafu kulikuwa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Vijana wengi walipata kazi katika riposti, wakalipwa kwa dola. Ugonjwa ulipoisha, kazi nayo ikaisha. Aliyekuwa amenunua mashine alibaki na kitu cha kushika.

Hapo ndipo penye mambo: chombo na mteja wa kwanza. Miradi fulani inagawa kit siku ya kumaliza mafunzo, na ni vizuri. Ila kit bila mteja inauzwa haraka kwa bei ya kutupa, mtoto akiugua ao minervali ikidaiwa. Mwenye kudumu mara nyingi ni yule aliyejulikana tangu staji: mama mmoja alipenda mshono wake, akamleta jirani. Fundi wa nguo anaishi kwa majira: pagne za tarehe 8 Machi, yunifomu kabla ya masomo kuanza Septemba, ndoa. Mwenye kuchomelea anategemea umeme ao jenereta, na mafuta yanakula faida.

Asiye na chombo anabaki miaka kwa patro, akilipwa kwa kipande. Benki ni ngumu kumkopesha, hana karatasi za kuweka rehani. Basi anaingia likelemba: kila juma kila mmoja anatoa, mmoja anabeba yote. Akipata zamu ya mwanzo, ananunua mashine mara moja. Akipata ya mwisho, anangoja.