Kadhi, Hakimu na Jaji: Historia Katika Majina ya Kazi

Msemaji wa Kiswahili nchini Kenya anayo majina matatu ya mtu aketiye mahakamani na kutoa hukumu: kadhi, hakimu na jaji. Baadhi ya wafasiri huyachukua kuwa visawe, wakateua lolote liwajialo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila jina lina mamlaka yake, na kwamba mipaka ya mamlaka hayo imechorwa na historia.

Kadhi na hakimu ni maneno yenye asili ya Kiarabu. La pili latokana na mzizi uliotupatia pia hukumu, mahakama na hekima. Waingereza, walioutawala ukanda wa pwani kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar kwa mkataba wa 1895, hawakuuondoa ukadhi, bali waliuingiza katika mfumo wao pamoja na mahakama za liwali na mudiri. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliafikiana kwa barua kwamba mahakama za kadhi zidumu. Zile za liwali na mudiri zilifutwa mwaka 1967. Katiba ya 2010 yampa kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wameridhia.

Jaji limetoka Kiingereza. Neno hili geni ndilo lililokalia kiti cha Mahakama Kuu, hakimu likabakia katika mahakama za chini. Mwamuzi, neno la Kibantu, limo katika jina la kitabu cha Waamuzi cha Biblia ya 1952, lakini leo mwamuzi twamjua zaidi uwanjani na filimbi yake.

Tofauti hizi si pambo. Rufaa ya uamuzi wa kadhi au hakimu huenda Mahakama Kuu. Ya jaji wa Mahakama Kuu huenda Mahakama ya Rufaa. Mjane asomaye tafsiri iliyoandika jaji mahali pa kadhi aweza kubisha mlango usio wake, na siku za rufaa zikampita.

Kwa hiyo haitoshi kamusi kuyaeleza yote matatu kwa neno mwamuzi. Yapasa itaje mahakama, ngazi yake na sheria itumikayo humo.