Mlinzi Aliyedhaniwa Mwizi

Mwezi wa Novemba, huko Kibabii katika Bungoma, mahindi huanikwa nyuani na kandokando ya barabara. Wingu likitanda, wenyeji hukimbilia kuyaanua yasije yakavunda. Katika kuvunda huko mna habari iliyochukua zaidi ya miaka 30 kujulikana.

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, maini yao yameharibika. Wataalamu walichunguza hata wakafika kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa, wakaona mna sumu ya kuvu. Hiyo ndiyo tuiitayo sumukuvu, nayo hupatikana pia katika mahindi yaliyowekwa yangali na unyevu. Baadaye ikaonekana kwamba huwatia wanyama saratani ya ini. Lakini kwa njia gani?

Karibu kila chembe ya mwili ina maagizo ya urithi yaitwayo jeni. Baadhi ya jeni kazi yao ni kuzuia chembe iliyoharibika isizaane. Iliyo mashuhuri kati ya hizo hutengeneza protini iitwayo p53. Protini hiyo iligunduliwa mwaka 1979, na kwa miaka 10 ikasingiziwa! Kwa kuwa ilionekana tele ndani ya uvimbe, wataalamu waliidhani ndiyo iletayo saratani. Kumbe waliyoiona ilikuwa imekwisha kuvunjika. Ni kama askari wa zamu aliyekutwa amefungwa kamba katika nyumba iliyoibiwa, kisha akashtakiwa kwa wizi. Mwaka 1989 ndipo ilipotambuliwa kuwa mlinzi.

Mwaka 1991 zikatoka habari za kusini mwa Afrika na za Qidong, China, sehemu zenye sumukuvu nyingi. Katika uvimbe wa ini, jeni ya p53 ilikutwa imeharibika mara kwa mara mahali pale pale, katika fungu la 249. Huko Qidong ilikuwa hivyo kwa wagonjwa 8 kati ya 16. Mwizi alikuwa ameacha nyayo.

Katika saratani ya mifereji ya nyongo pia mlinzi huyu huvunjika mara nyingi, ila mchokozi ni mwingine. Nchini Thailand ni mnyoo aingiaye kwa kula samaki mbichi.

Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Hao walikufa kwa sumu kali, si kwa saratani. Sumu kidogo ya kila siku haina kilio. Siku hizi unyevu wa mahindi hupimwa kwa chombo, usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuingia ghalani. Asiye na chombo huuma punje, akasikiliza.