Freddie Mercury Bila Queen

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, mtakumbuka ubishi wa bwenini: je, Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, angeweza kusimama bila bendi yake ya Queen? Mimi nilikana katakata. Nilitaja santuri yake ya kwanza ya peke yake, Mr. Bad Guy, ya Aprili 1985, ambayo haikuvuma kama zile za Queen. Julai alikuwa tena na wenzake jukwaani Wembley.

Mwenzangu wa kitanda cha juu alinijibu kwa neno moja: Barcelona. Wimbo huo wa 1987 mpiga piano huyu aliuimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania. Mercury alifariki 1991. Mwaka uliofuata wimbo ukasikika kwenye Olimpiki za Barcelona.

Mwenzangu naye ametangulia. Nakiri, alinishinda.